Kaka Cephas Amekalia Nyumba Yangu

Uriri, nyuma ya stoo ya saruji,
Jumanne, baada ya mvua.

Kwa Kaka Mkubwa, Cephas Abuto,
Fundi wa Mashua,
Ufuoni, Mbita.

Kaka Mpendwa,

KUH: KUCHELEWESHWA KWA NYUMBA YANGU NA NYUMBA YAKO

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na ikiwezekana ukiwa umekaa. Nakuandikia kwa heshima yote anayostahili kifungua mimba wa mama yetu. Nimetumia Kiswahili, tena cha kupigwa chapa, kwa sababu mbili. Kwanza, nakala zinakwenda kwa Chifu na kwa Mzee Magige, ambaye ni Mkuria na hasikii Dholuo. Pili, kila nikikueleza jambo hili kwa Dholuo unacheka, kisha unaniuliza kama nimekula, na baada ya samaki sikumbuki tena nilikuja Mbita kufanya nini.

Kwa faida ya hao watakaosoma nakala, nijitambulishe. Mimi ni Clifford Abuto, ndugu yako wa pekee wa kiume. Kazi yangu ni kupanga ratiba za ujenzi. Mama huwaambia watu wa kanisa kwamba natengeneza kalenda, na kila Desemba nalazimika kumnunulia tatu za ukutani ili asionekane mwongo. Wewe lakini unajua ukweli. Nilianza kama mtunza stoo kwenye mjengo wa soko hapa Uriri. Asubuhi moja mafundi wa bomba walifika na vyuma vyao, ilhali kuta walizopaswa kutoboa hazijainuka hata kozi moja ya matofali. Walikaa chini ya mabati siku nne wakicheza drafti kwa vifuniko vya soda. Mimi sikuweza kuvumilia. Wakati wa chakula cha mchana nilichana mfuko mtupu wa saruji nikachora juu yake kazi zote za mjengo ule, ipi itangulie ipi na kwa siku ngapi. Injinia Onyancha aliuokota mfuko huo akitafuta kitu cha kufutia viatu. Aliusoma akiwa amesimama, matope yakikauka miguuni. Baada ya hapo nilisoma diploma jioni jioni, nikapewa laptopu, na leo hakuna mtu anayemwaga zege kwenye saiti zetu bila kuniuliza ni siku gani.

Siri ya kazi yangu ni ndogo. Kila kazi ina kazi iliyoitangulia. Huwezi kuezeka kabla ya kuta, wala kupaka rangi kabla ya plasta. Na katika kila mjengo kuna mlolongo mmoja wa kazi ambao ukichelewa siku moja, mjengo wote unachelewa siku moja. Huo tunauchora kwa wino mwekundu. Kaka, kwa masikitiko makubwa nakujulisha kwamba katika maisha yangu, wino mwekundu ni wewe.

Malalamiko yangu ni kama ifuatavyo.

1. Hujajenga. Kwetu Ndhiwa mdogo hamtangulii mkubwa kujenga, na mimi si mtu wa kuvunja mila, kwa maana mila ni ratiba ya zamani iliyokosa tarehe tu. Sasa ni mwaka wa sita. Mara ya kwanza uliniambia utajenga baada ya kuvuna mahindi. Mahindi yalivunwa, yakaliwa, yakapandwa mengine. Ukasema unangoja Linet amalize shule. Dada yetu amemaliza shule, amesomea ushonaji, na sare za watoto wa nusu ya Ndhiwa zinatoka mikononi mwake. Halafu ukasema nguzo hukatwa mwezi ukiwa mdogo, la sivyo wadudu watazila. Hilo nalo nimelifuatilia kwa muda wa mwaka mzima, nikiandika. Mwezi huwa mdogo kila mwezi.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba nyumba yenyewe, kwa mila hiyo hiyo, ni ya siku moja. Inaanza asubuhi, na usiku huo mwenyewe analala ndani yake. Kwa hesabu zangu, kazi ya siku moja imechelewa zaidi ya siku elfu mbili. Nilimwonyesha Injinia Onyancha kiwango hicho bila kutaja jina. Alisema hajawahi kukiona, hata kwenye barabara.

2. Ulitumia vibaya chati yangu. Mwaka jana nilikuletea Mbita ratiba ya nyumba yako, karatasi kubwa, yenye rangi. Ulinisifu mbele ya watu. Ukawaambia, huyu ni ndugu yangu, alisoma. Niliporudi baada ya wiki mbili haikuwa ukutani. Maurice, mwenzako wa pale ufuoni, ndiye aliyenionyesha ilikokwenda: mlikuwa mmeilaza juu ya ubao, mkakata ubavu wa mashua kwa kufuata mstari wangu mwekundu. Nakiri kwamba mashua hiyo haivuji. Nakiri pia kwamba ina umbo zuri kuliko zote zinazovuka kwenda Rusinga. Lakini kuiandika jina RATIBA ubavuni, kwa herufi kubwa, wakati inang'oa nanga siku yoyote na saa yoyote abiria wakijaa, hilo naliona kuwa tusi kwa taaluma.

3. Umeharibu usaili wangu. Mwezi wa kwanza niliitwa Homa Bay kwa nafasi ya mpangaji mkuu kwenye ujenzi wa wadi mpya ya hospitali. Nilivaa suti. Mwenyekiti wa waliokuwa wakiuliza maswali alikuwa Bi. Lorine, ambaye sikujua kwamba ameolewa kijiji cha pili kutoka kwetu. Waliniuliza ningefanya nini mvua ikikatiza msingi, nikajibu. Waliniuliza kuhusu kokoto kuchelewa njiani, nikajibu mpaka mmoja akatabasamu. Kisha Bi. Lorine akavua miwani, akaniuliza nyumba ya kwetu imefika wapi.

Nilieleza. Nilichukua kalamu nikawachorea boma letu, wewe, mimi, na mshale baina yetu. Nilizungumza dakika ishirini, na wawili kati yao waliandika kila neno. Nilidhani wananipa alama. Baadaye nilikuja kujua kwamba wote wawili ni watoto wa pili na wana matatizo kama yangu. Bi. Lorine alisubiri nimalize, akasema taratibu: "Mtu asiyeweza kumsukuma kaka yake atamsukumaje kontrakta?"

Nafasi ilikwenda kwa Omwenga. Omwenga hajui hata kufungua faili la ratiba, lakini ni kifungua mimba.

4. Umeniaibisha mbele ya wakwe. Hili naomba ulisome polepole. Unamjua Terry, muuguzi wa Migori, binti wa Mzee Magige. Mwezi wa pili mzee alikuja Ndhiwa na ndugu zake wawili kuona mahali binti yao atakapoishi. Mama alipika kuku, Linet akashona kitambaa kipya cha meza. Wewe ulialikwa, ukatuma samaki.

Baada ya kula, Mzee Magige aliomba kuonyeshwa nyumba. Niliwapeleka kwenye kiwanja changu. Pale kuna nyasi, na mbuzi wa mama amefungwa katikati. Niliweka laptopu juu ya jiwe, nikawafungulia nyumba yangu: vyumba vitatu, veranda, tangi la maji ya mvua. Picha inazunguka, unaweza kuingia mlangoni na kutembea. Wazee waliinama wote watatu. Tulipita sebuleni, tukaona chumba cha watoto, na mimi nikaanza kuamini kwamba mambo yanakwenda vizuri. Tulipofika jikoni chaji ikaisha.

Mzee Magige alibaki ameinama, akitazama kioo cheusi. Kisha akanyoosha mgongo na kumtazama mbuzi, akanitazama mimi. "Haya," alisema. "Tutarudi ikipata chaji."

Hakusema kwa ubaya. Ningependa angesema kwa ubaya. Ndugu zake walicheka mpaka barabarani, na niliwasikia wakiendelea kucheka ndani ya gari.

Terry alibaki nyuma kidogo. Hakunilaumu. Aliniomba tarehe moja tu, hata kama ni mbaya, ya kumpelekea baba yake. Kaka, mimi nawapa watu tarehe kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Nawapa waashi tarehe, nawapa mafundi wa umeme, madereva wa malori ya mchanga wananipigia simu kuniomba tarehe. Nilisimama mbele ya mwanamke ninayempenda nikamwambia kwamba inategemea wewe. Akaniuliza, "Kwani mimi naolewa na Cephas?"

Tangu siku hiyo ananijibu ujumbe kwa neno moja moja. Nikimwandikia mistari kumi kuhusu hali ya hewa na afya yangu, ananiandikia "Sawa." Nimeshindwa kula vizuri. Juzi nilipanga plasta itangulie kuta kwenye mjengo wa watu, na fomeni ndiye aliyeniamsha.

5. Umenilazimisha kutafuta njia za pembeni ambazo hazikunipa heshima. Kwanza nilimwendea Baba Mdogo Nyangweso, kwa kuwa tangu baba afariki yeye ndiye msemaji wa boma. Nilimweleza kwamba wewe, kwa mikono yako, umeshajenga kitu chenye sakafu, kuta na paa la turubai, na kwamba watu huingia ndani yake na kutoka salama. Nilimwomba akihesabu kitu hicho kuwa nyumba, mila iridhike, mimi nianze msingi. Baba Mdogo alifikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, mpaka nikapata matumaini. Mwishowe akasema nyumba haiendi Rusinga na kurudi.

Nikamwendea Mama. Kwenye kazi yetu, ratiba ikikataa kabisa, inaruhusiwa kurekebishwa: kazi ya kwanza inashushwa, ya pili inapandishwa, wahusika wanatia sahihi, na kila mtu anaendelea kama kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu awali. Niliandaa fomu ya kurekebisha mpangilio wa kuzaliwa kwetu. Mimi niwe nimetangulia kwa miaka minne, wewe ufuate. Linet asingeguswa. Mama, akiwa ndiye aliyeifanya kazi yenyewe, alihitajika kutia sahihi mahali pawili tu. Aliisoma fomu yote, akaigeuza kuona kama kuna kitu nyuma, akaniuliza kama huko Uriri napata muda wa kulala. Kisha akaiweka kwenye Biblia yake, na kila Jumapili naambiwa imeombewa.

6. Kwa hiyo, kwa kuwa nimemaliza njia zote za upole, nachukua hatua ya mwisho ambayo kontrakta yeyote mchelewaji huchukuliwa, yaani adhabu ya ucheleweshaji. Sitaki hela. Nimeorodhesha haki za kifungua mimba, na kwa kila wiki utakayochelewa kuanzia tarehe ya barua hii, haki moja itahamia kwangu, kama ifuatavyo:

(a) wiki ya kwanza, firigisi ya kuku katika karamu zote za familia;
(b) wiki ya pili, haki ya kuzungumza kwanza kwenye mazishi na harusi;
(c) wiki ya tatu, kiti cha baba, kile chenye mguu uliofungwa kwa waya;
(d) wiki ya nne, Mama ataitwa Mama Clifford, na majirani watapewa siku saba za kuzoea;
(e) wiki ya tano, watoto wako wataniita Baba Mkubwa, na wewe watakuita vyovyote watakavyoona inafaa;
(f) wiki ya sita, utaanza kuniamkia wewe.

Nimemwomba Chifu atangaze orodha hii kwenye baraza. Hajajibu, ila karani wake alinipigia simu kuuliza kama (a) inahusu pia bata.

Kaka, usidhani naandika haya kwa chuki. Wewe ndiye uliyenibeba begani tukivuka mto kwenda shule, na ndiye uliyeuza msumeno wako wa kwanza ili nipate nauli ya kwenda kufanya mtihani wa diploma. Sijasahau. Lakini mtu aliyebebwa kuvuka mto mwishowe anataka kuteremshwa upande wa pili. Nateseka, na ninateseka kwa mpangilio, wiki baada ya wiki, kwa chati. Jenga, kaka. Hata kama ni chumba kimoja. Hata kama paa ni la turubai, ili mradi kisielee.

Nisalimie shemeji Roselyn na umwambie vile vibuyu alivyomtumia Mama vilifika bila ufa. Nisalimie watoto wote kwa majina, na yule mdogo umwambie nina kalenda yake. Nisalimie Maurice, na wale akina mama wanaoanika samaki wa omena hapo karibu na karakana yako, na yule mzee asiyesikia vizuri ambaye hunisalimu kwa jina lako.

Nabaki chini yako, kwa kusubiri na kwa kuzaliwa,

Mdogo wako mtiifu,
Clifford Abuto,
Mpangaji Ratiba.

Nakala kwa:
Chifu, Ndhiwa;
Mzee Magige;
Mama (asomewe na Linet, akiruka kipengele cha 6(d)).

Tanbihi: Nilipokuwa natafuta bahasha, shemeji Roselyn alipiga simu. Alisema lori limeshusha nguzo na fito Ndhiwa tangu jana, Baba Mdogo Nyangweso ameshachagua jogoo wa mila wa kuingizwa kwenye nyumba mpya, na mnajenga Jumamosi hii. Nilimwomba arudie. Alirudia, kisha akakupa wewe simu. Kwa kuwa barua ilikuwa tayari mkononi, na chapa zimenigharimu jasho, nilikusomea yote, kuanzia anwani mpaka sahihi. Ulisikiliza bila kucheka, jambo lililonitia hofu.

Kwa ajili ya kumbukumbu naandika ulichonijibu. Ulisema, "Omera, ndugu yangu, mabati ninayo tangu mwaka juzi. Lakini wewe hukuwa umenunua hata msumari. Mama akaniambia nisikuharakishe. Nikijenga mimi, wewe utajificha nyuma ya nani?"

Nilitaka kukujibu hapo hapo kwa takwimu. Nikafungua ratiba ya nyumba yangu. Ina mistari mia mbili na kumi na minne. Mstari wa kwanza unasema: Cephas ajenge. Wa pili unasema: Clifford aamue. Haujaandikwa aamue nini, na hauna tarehe. Mingine yote mia mbili na kumi na miwili inaning'inia juu ya huo wa pili, na nimeipaka rangi vizuri sana.

Kwa sababu hiyo nimezitoa nakala za Chifu na Mzee Magige kwenye bahasha zao. Pia, kaka, baada ya kutafakari, naomba kwa unyenyekevu Jumamosi isogezwe mbele kidogo, tuseme miezi mitatu, minne ikiwezekana, kwa kuwa mjengo wako ukisimama siku ya Jumamosi, mimi natakiwa kuwa na msingi Jumatatu, na sijui hata koleo linauzwa wapi. Ombi hilo nililitoa pia kwa simu ukalikataa. Na tumechelewa kuificha hiyo Jumamosi, maana Roselyn ameshamwambia Terry. Terry ameniandikia. Bado ni neno moja, lakini si lile la kila siku. Ameandika, "Sasa?"

Nimemjibu kwamba nakuja Jumamosi, na kwamba vyumba vitakuwa viwili, cha tatu tutaona. Ndiyo mara ya kwanza mstari wa pili umepata neno.

Mwisho, nilikuuliza Jumamosi kazi inaanza saa ngapi, ili nipange safari yangu kutoka Uriri. Ukasema, "Ukifika."